Godoro la Machozi

Jumatatu, 3 Machi
Mawingu. Mvua bado.

Mwalimu wa Kipusa amewapa watoto kazi ya kuandika hali ya hewa kila siku mpaka mvua za msimu huu zikatike. Kipusa aliandika Jumamosi, akaandika Jumapili, leo asubuhi akanitazama akasema, "Mama, hali ya hewa inachosha." Miaka tisa, ameshachoshwa na mbingu. Nikamwambia acha, nitakuandikia. Najua hayo si malezi, lakini binti yangu akishasusa kitu amesusa, na daftari nimeshalinunua. Kwa mbele naandika mvua ya mwalimu. Kwa nyuma, huku, naandika yangu.

Kazini kuna utaratibu mpya. Mimi napokea simu za oda kwenye kiwanda cha magodoro. Kiwanda ni jina tu: ghala moja, chumba cha cherehani, na kijichumba changu chenye meza, simu na dirisha linaloangalia magodoro. Kati yangu na Mshonaji kuna ubao mwembamba. Akipiga chafya namwambia pole bila kunyanyua sauti.

Mpaka juzi Tajiri, mwenye kiwanda, alikuwa akiwapa watu wa mitandaoni magodoro ya bure ili watusifie. Wanachukua, wanasifia mara moja, basi, kimya. Mmoja anayejiita Kocha aliuza lake hata nailoni haijatoka, na aliyelinunua akatupigia simu kuulizia dhamana. Sasa Mpwa, mtoto wa dada yake Tajiri, aliyerudi juzi na cheti cha masoko na viatu vyenye ncha, amemshauri mjomba wake: bure imekufa. Kila anayeagiza, mimi nimuulize ametusikia kwa nani. Godoro likifika na mteja akalipa, aliyetajwa anapata fungu lake. Asiyetajwa hapati hata kamba ya kufungia.

"Chanda chema huvikwa pete," Tajiri akasema.

"Na kibaya je?" Mshonaji akauliza kutoka ng'ambo ya ubao.

"Kibaya kikalale sakafuni."

Tukacheka. Mimi nilicheka pia, nakumbuka.

Mmoja wa hao wa mitandaoni anajiita Bwana Usingizi. Huvaa nguo za kulalia mchana kweupe na kuchekesha watu. Ndiye baba yake Kipusa. Tuliachana mwaka juzi. Alipoondoka alikuwa analala sakafuni kwa rafiki yake, na mimi, kwa huruma zangu zisizo na mpangilio, nikamwombea kwa Tajiri godoro lenye kasoro ya mshono, naye alitaje kidogo kwenye video zake. Ndivyo alivyoingia humu. Aliyemtandikia ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Mvua ya kwanza. Kiatu cha kushoto kinavuja.

Ijumaa, 7 Machi
Manyunyu.

"Samahani, umetusikia kwa nani?" Nimelisema swali hili leo mpaka limeacha kuwa maneno. Wengine wanajibu kwa jirani. Wengine wanasema walipita tu wakaona. Mzee mmoja aliniuliza, "Kwani nikisema utanipunguzia?" Mama mmoja akataka kujua anayetajwa anapata nini. Nikamweleza. Akafikiri.

"Basi niandikie yule wa mapishi. Ana watoto wengi."

"Lakini umemsikia yeye?"

"Simjui kabisa. Nimemwona tu kwa jirani kwenye simu. Mwandikie, maskini."

Nikamwandikia. Mshonaji alisikia yote. "Mpwa kasoma miaka mitatu," akasema, "hakufundishwa kwamba watu wana huruma."

Jumanne, 11 Machi
Mvua tangu asubuhi.

Simu nyingi zimepigwa leo kuliko wiki yote iliyopita, na karibu wote wakiulizwa wanasema, "Kwa Bwana Usingizi." Wanasema huku wanacheka. Saa ya chakula nikaangalia video yenyewe.

Amelala kwenye godoro letu, amevaa kofia ya kulalia. Anasema mke wake wa zamani alikuwa anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Yeye akadhani ni godoro bovu linapiga kelele. Akanunua hili jipya. "Kimya! Godoro halisemi neno. Kumbe lile la zamani lilikuwa zima. Mbovu alikuwa yeye!"

Sikoromi. Anayekoroma ni yeye. Lakini utamwambia nani?

Alasiri mwanamke mmoja aliniuliza, "Dada, eti yule mke wake yupo kweli, au ni wa kutunga?"

"Futi ngapi kwa ngapi, mama?" nikamwuliza.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Oda nyingi.

Jumamosi, 15 Machi
Mvua asubuhi, mchana ikakatika.

Jumamosi Kipusa huenda kwa baba yake. Karudi ananuka chipsi, ana furaha. Amesema baba yake anawaza kutoka kwenye kile chumba cha rafiki. Nikasema vizuri. Na ni vizuri kweli, sina neno.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua. Hakuna jipya.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua kubwa. Turubai la ghalani limepasuka pembeni, vijana wamehamisha magodoro ya chini.

Mshonaji aliacha cherehani akaja kusimama mlangoni kwangu. Huwa haji; mambo yake yote husemea ubaoni. Alikuwa ameshika simu yake kifuani.

"Mwanangu, umeiona ya leo?"

"Sijaiona."

"Usiione."

Nikaiona. Bwana Usingizi amesimama chini ya paa linalovuja, mvua inamdondokea kichwani. Anasema msimu huu godoro likilowa umekwisha, lakini hili lina kava lisilopitisha maji. "Nalijuaje? Mimi nimeishi na mwanamke aliyelia kitandani mwaka mzima! Usiku kucha! Godoro la kwanza likaoza. Lakini hili, alie mpaka kuche, wewe unafuta tu na kitambaa." Anafuta. Anakonyeza jicho.

Mtoto wetu wa pili alikaa siku mbili. Baada ya hapo ndipo nililia, na kweli nililia kitandani, na kweli ulikuwa mwaka. Naye alikuwa upande wa pili wa kitanda hicho. Siku zile za mwanzo tulilia wote wawili. Hilo hakulisema.

Nimekaa nikingoja kuumia. Ni kama unapojigonga kidole cha mguu, kuna nafasi kidogo kabla maumivu hayajafika, unajua yanakuja. Nimekaa kwenye ile nafasi tangu saa nne asubuhi hadi sasa ninapoandika. Hayajafika. Mwili umekufa ganzi.

Simu ikalia. Nikapokea.

"Dada, nataka lile godoro la machozi."

"Futi ngapi kwa ngapi?"

"Tano kwa sita."

"Unene?"

"Nene tu, la kulilia vizuri." Akacheka.

"Samahani, umetusikia kwa nani?"

Ijumaa, 28 Machi
Mvua.

Machozi, machozi, machozi. Mpwa amefurahi mpaka amekanyaga tope na viatu vyake vya ncha. Anasema bidhaa ikishapewa jina na wateja wenyewe, hiyo ni bahati ya mtende. Amebandika karatasi kwenye rundo la kava za maji: GODORO LA MACHOZI. Na mimi ndiye ninayelitaja simuni kwa sauti ya kazi. "Godoro la machozi tunalo, ndiyo. Nne kwa sita lipo. Linaletwa mpaka mlangoni."

Mshonaji amenyamaza siku nzima. Naona ni heri angetania.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua.

Nimekwenda kwa Tajiri. Si mtu mbaya. Mwaka ule nilipopoteza mtoto alinipa likizo bila kukata mshahara hata wa siku moja. Nikamwambia video ile inanihusu mimi, na machozi yale yalikuwa na sababu yake, naye anaijua.

Alifunga kitabu chake cha risiti.

"Mama Kipusa, mimi nauza magodoro. Sisuluhishi ndoa."

"Ndoa ilishakufa, Tajiri."

"Basi tena. Maiti haiumwi."

Kisha nadhani aliona aibu, maana aliniuliza kama nimekula.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua asubuhi. Mchana joto la kufukiza.

Nimempigia baba yake Kipusa. Nimepiga kwa simu yangu, si ya kazini.

"Mama Kipusa, ule ni utani tu."

"Mtoto wetu ni utani?"

"Mtoto sikumtaja. Nimetaja machozi."

"Machozi yalikuwa ya nini?"

Nikasikia mvua ya upande wake, na huku kwangu ilikuwa imekatika.

"Sikiliza," akasema, sasa kwa sauti yake ya zamani, ile isiyo ya video. "Nimejaribu mengine. Nimemtania mwenye nyumba, nimetania majirani, nimejitania mwenyewe na pajama zangu. Hakuna anayepiga simu. Nikikutaja wewe, wanapiga. Zamani nilikuwa napewa godoro, nasema ninachotaka. Sasa nalipwa kwa kinachouza. Kinachouza ni wewe, nifanyeje? Na ada ya Kipusa inatoka humo humo."

"Tafuta kingine."

"Kama inakuuma sana, si umwandikie mtu mwingine oda zangu? Kalamu unayo wewe."

Anajua sitafanya. Hilo ndilo lililonikera kuliko video. Tumekaa pamoja miaka minane, anajua kwamba nikiulizwa bei ya kitu nasema ya kweli hata kama inanidhalilisha. Nimemwandikia kila mteja wake. Wengine wamesahau jina wakasema tu, "Yule wa mke mlizi," nami nikajua ni nani, nikamwandikia.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua.

Alhamisi, 10 Aprili
Mvua. Mshonaji amerudi kutania. Leo ameniambia kiatu changu cha kushoto kinaimba kuliko mimi. Nimenunua gundi.

Jumatatu, 21 Aprili
Mvua inapungua.

Simu zimepungua pia. Watu wamezoea machozi. Bwana Usingizi ametoa nyingine kuhusu mapishi yangu, haikuuza. Akatoa kuhusu mama yangu, haikuuza. Yule wa mapishi sasa anamzidi, wanamwandikisha kwa huruma. Mpwa anasema soko linataka sura mpya.

Sikuhisi ahueni. Nilidhani nitahisi.

Jumamosi, 26 Aprili
Mawingu tu.

Kipusa karudi kwa baba yake na siri. Siri ya mtoto huonekana kwenye midomo, ameikaza kama anazuia maji. Nilipomsuka nikamwuliza kuna nini. "Hakuna." Nikaendelea kusuka. "Mama," akasema, "baiskeli inauzwaje?"

Jumatatu, 28 Aprili
Mvua imerudi, kubwa.

Simu ya kwanza: "Nataka godoro la yule mtoto."

Sikuelewa. Ya pili: "Nimemwona yule binti, jamani, mtamu yule!" Ya tatu nikauliza mtoto gani, mteja akaniambia niangalie mwenyewe, nitafurahi.

Ni Kipusa. Amevaa gauni la njano, lile nililomshonea mimi. Yuko juu ya godoro letu, amepiga magoti. Anasema vizuri kabisa, bila kubabaika, amefundishwa akafundishika:

"Mama yangu ni kama godoro hili. Ukimbonyeza hivi, anarudi vilevile." Anabonyeza kwa viganja viwili. Sponji inarudi. "Ukimbonyeza tena, anarudi vilevile. Halii, hacheki. Hata ukimrukia!" Anaruka. Nje ya picha baba yake anacheka, kicheko cha kweli, nakijua.

Hii ilinipata. Sijui kwa nini hii na si ile. Labda kwa sababu ile ya machozi aliitunga mtu mzima anayetafuta riziki, na hii haikutungwa na mtu. Baba yake asingeweza kuijua. Haishi na mimi tena. Anayeishi na mimi ni Kipusa. Mtoto wangu amekuwa akinibonyeza, amengoja, ameona narudi vilevile. Nilikuwa sijui kama anahesabu.

Mchana mteja mmoja akaniambia, "Dada, mbona sauti yako kama ya yule mtoto?"

"Watu wanafanana sauti," nikasema. "Nne kwa sita?"

Jumatano, 30 Aprili
Mvua.

Kila jioni sasa ananingoja mlangoni. Hasemi shikamoo, hasemi pole na mvua.

"Mama, leo nimeuza mangapi?"

Baba yake amemwahidi baiskeli kutoka kwenye fungu. Na mimi ndiye ninayejua hesabu, kwa hiyo ananiuliza mimi. Jana nilimwambia, akarukaruka sebuleni. Leo ni pungufu kidogo. Nilimwona uso ukimshuka. Akakaa na chakula chake hakuli.

"Labda ningeruka mara mbili," akasema.

Ijumaa, 2 Mei
Mvua. Kipusa ameuliza. Nimejibu.

Jumatatu, 5 Mei
Mvua nyepesi, jioni nzito.

Tulimaliza kula. Nilikuwa nakusanya vyombo. Nilipogeuka nikakuta ameichukua simu yangu na kuiegemeza kwenye kopo la sukari, jicho la kamera limenitazama.

"Mama, kaa hapo. Lia kidogo nikurekodi."

"Nini?"

"Kidogo tu. Baba anasema ukilia kweli, mimi na wewe, tutauza kuliko wote. Kisha mimi nafuta godoro na kitambaa, nasema, 'Mnaona?'"

"Sina machozi, Kipusa."

"Jaribu." Akasogeza kopo ili nionekane vizuri. Alikuwa na makini kama daktari. "Jaribu kumkumbuka mdogo wangu."

Sikujua kwamba anamkumbuka. Alikuwa na miaka sita. Tulimwambia mtoto amerudi alikotoka, akasema sawa, akaenda kucheza. Tangu hapo hakuwahi kumtaja ndani ya nyumba hii, na leo amemtaja kwa ajili ya video ya godoro, kwa upole, kama mtu anayekuazima kitu chake cha thamani kikusaidie.

Sikumpiga, sikumfokea. Nilizima simu, nikaosha vyombo. Yeye akasema nyuma yangu, si kwa hasira, kama anayethibitisha tu:

"Umeona? Vilevile."

Jumanne, 6 Mei
Mvua.

Simu ya kwanza ililia kabla sijakaa.

"Nataka godoro kama la yule mtoto."

Dirishani kwangu magodoro yamefika darini. Vijana walishusha mzigo mpya Jumamosi. Ukifungua mlango wa ghala inabidi uingie kwa ubavu.

"Samahani, mama," nikasema. "Limekwisha."

"Limekwisha? Mtaleta lini?"

"Hatujui."

Akashukuru, akakata. Nikakaa. Moyo unadunda, nikajishangaa: kumbe bado unadunda. Simu nyingine, mteja wa yule wa mapishi, nikamwuzia vizuri. Nyingine, ya mtoto. Limekwisha. Nyingine. Limekwisha.

Cherehani ikanyamaza.

"Mwanangu," Mshonaji akasema ubaoni. "Haya magodoro nimeyashona mimi kwa mikono yangu. Nayaona hapa. Nawe unasema yamekwisha. Au mimi nimepofuka, au wewe una lako."

"Nina langu."

Akafikiri.

"Haya," akasema, na cherehani ikaendelea.

Jioni mlangoni: "Mama, leo nimeuza mangapi?"

"Hakuna."

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja."

Jumatano, 7 Mei
Mvua. Limekwisha.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua. Limekwisha. Mpwa anazungukazunguka na simu yake, anasema haelewi, video inatazamwa na watu hawanunui, labda ni hali ya uchumi. Kipusa hajauliza leo. Alinitazama tu usoni, akajua.

Ijumaa, 9 Mei
Mvua. Mteja mmoja amenisihi, anasema binti yake anataka lile tu, ni wa rika la yule mtoto. Huyo alinipa shida. Nilimwambia limekwisha, kisha nikaenda chooni nikasimama tu.

Jumatatu, 12 Mei
Mvua kubwa tangu alfajiri.

Yule wa Ijumaa alikuja mwenyewe. Alikuja ameloa mpaka mifupani, akamkuta Tajiri mlangoni, akamwambia amesikia yamekwisha lakini ameona ajaribu bahati. Nyuma ya Tajiri magodoro yamejaa mpaka juu. Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuka kutazama dirisha langu.

Tajiri alimwuzia kwanza. Halafu akaja, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wageni ambacho hajawahi kukikalia.

"Wangapi?"

"Wote waliomtaja mtoto. Tangu Jumanne."

"Wiki nzima!" Akashika kichwa. "Mwanamke wewe, kwa nini?"

"Anataka nilie mbele ya kamera. Mtoto. Baba yake amemwambia itauza."

Mvua ilikuwa inapiga bati sana, ikabidi asogeze kiti.

"Ungeniambia."

"Nilikuambia, Tajiri."

"Uliniambia unaumia. Hukuniambia utanifilisi."

Hapo alisema kweli. Magodoro ni yake, simu ni yake, na mimi nimewadanganya watu waliokuwa na haja ya kitu cha kulalia kwenye mvua. Nikamwambia hivyo. Akasema mshahara wa mwezi huu nitapewa wote, lakini kesho nisije. Akasimama, akafika mlangoni, akarudi.

"Mpwa nitamwambia nini?"

"Mwambie mtoto hauzi."

Alinitazama. Sasa alielewa nilichokuwa nakitafuta, na nadhani hakukipenda, ila alitikisa kichwa kukubali.

Mshonaji alinisindikiza hadi kwenye geti na kipande cha nailoni ya godoro juu ya vichwa vyetu wawili. Alisema atanikumbuka, maana sasa chafya zake zitakosa wa kuziambia pole. Nikaenda.

Jumanne, 13 Mei
Mvua. Nimelala mchana.

Alhamisi, 15 Mei
Manyunyu. Ile video ya Kipusa imeondolewa. Bwana Usingizi ametoa nyingine, yuko na jirani yake na mbwa.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua asubuhi. Mchana imepungua. Jioni imerudi.

Kipusa amerudi kutoka kwa baba yake mapema. Hakuvua viatu. Alikaa mezani na mkoba mgongoni.

"Baba amesema basi."

"Basi nini?"

"Amesema siuzi. Amesema si kosa langu, kuna watoto wanauza na kuna watoto hawauzi." Alikuwa anakwangua gundi ya meza kwa ukucha. "Mama, mimi sipendezi?"

Nilikuwa nimelipata nililolitaka. Tangu Jumatatu nalisubiri litue, na lilipotua likatua juu yake. Sikuwa nimeliona hilo. Nilihesabu wateja, nikamhesabu Tajiri, nikamhesabu baba yake. Yeye sikumhesabu.

Nikakaa upande wa pili wa meza.

"Ulikuwa unauza," nikasema. "Ulikuwa unauza kuliko wote. Walipiga simu tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi ndiye niliyewaambia limekwisha."

Alinyanyua uso.

"Lilikuwa limekwisha?"

"Hapana."

"Umeongopa."

"Nimeongopa. Wiki nzima. Ndiyo maana siendi tena kazini. Si likizo, nimefukuzwa."

Nilimwona anazipanga moja moja kichwani: simu, magodoro, baba yake, baiskeli. Ilipofika baiskeli macho yakamjaa, akanyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Sikumfuata. Sikuwa na haki hiyo. Mvua ilirudi, nikainuka kuweka beseni chini ya pale panapovuja, nikakaa tena palepale.

Baada ya muda mlango ukafunguka.

"Walikuwa wanasemaje?" akauliza akiwa mlangoni. "Walipopiga?"

"Walisema wewe mtamu. Mmoja alisema una sauti kama yangu."

"Alijua ni wewe?"

"Hakujua."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia watu wanafanana sauti."

Akaja mpaka kwenye kiti changu. Bado alikuwa amekasirika, nilimwona kwenye midomo. Alisimama karibu, akanyoosha kidole kimoja, akanibonyeza hapa juu ya mkono, kwa nguvu, akakiacha kidole palepale. Akangoja, ananitazama usoni.

Nikajaribu kurudi vilevile. Nimezoea, si kazi kubwa. Nikashindwa. Ilianza kidevuni, kidevu kikatetemeka chenyewe kama cha mtoto, kisha nikamtaja mdogo wake kwa jina, jina ambalo halijatajwa katika nyumba hii tangu siku ile, na baada ya hapo sikuweza kusema kitu tena.

Simu yangu ilikuwa mezani, imeegemea kopo la sukari. Kipusa aliitazama, kisha akailaza kifudifudi.